Nilimuuguza Mtandaoni Mtoto Asiyeumwa

Mpendwa Dada Feliciana,

Nakuomba msaada, na kabla ya yote nakuomba unisome mpaka mwisho ndipo ukasirike, maana najua utakasirika, mimi mwenyewe nimejikasirikia mpaka nimechoka. Nina miaka ishirini na sita, ni mama wa watoto wawili, naishi mtaa wa Ramadhani hapa Njombe mjini, shule niliishia kidato cha nne. Mume wangu Anold anapakia mbao Makambako, anarudi nyumbani Jumamosi. Mtoto wa pili bado ananyonya, na usingizi wa mama anayenyonyesha unaujua, kwa hiyo nikirukaruka katika maelezo unisamehe.

Mtoto wangu wa kwanza, Idda, alizaliwa na miezi saba, miaka mitatu iliyopita, akiwa na kilo moja na robo. Nilikaa naye wiki sita katika wodi ya watoto njiti, ile ambayo mama unambeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, unafungwa kitenge, unalala umekaa, na mle ndani dada yangu hakuna anayeitwa kwa jina lake, tunaitana kwa kilo za watoto, mimi nilikuwa Mama Kilo na Robo, jirani yangu alikuwa Mama Mia Tisa, na mtoto wa mtu akiongezeka gramu mia wodi nzima inampa mama yake jina jipya na kushangilia. Na kitu kingine cha mle, mama aliyetangulia ndiye anayemfundisha aliyeingia jana. Mwenzako mtoto wake akicheua hakimbilii kwa nesi kwanza, anakugeukia wewe, "wa kwako ilikuwaje?", na ukimwambia ya kwako ilikuwaje, basi na yeye anafanya hivyo hivyo, hakuna kuuliza mara mbili.

Kwa sababu ya baridi ya huku nilikuwa nafumua sweta za mitumba nafuma upya kofia na soksi, kofia ndogo kama kikombe cha chai, na wifi yangu Asteria, mdogo wake Anold, akampiga Idda picha amevaa kofia hiyo, mpira uko puani, akaiweka mtandaoni. Watu walimpenda mtoto yule sijapata kuona. Walituandikia kutoka Dar, Mwanza, mpaka wa Oman, Mungu amlinde, Mungu amkuze, kila gramu aliyoongezeka walishangilia kama wako na sisi wodini. Tulipotoka hospitali tulikuwa na wafuasi elfu arobaini na moja na ukurasa tukauita Kilo na Robo, nikaanza kuuza kofia, soksi na sweta za watoto, na kazi hiyo ndiyo inayotuvusha mpaka leo, maana mbao zina msimu.

Sasa Idda ana miaka mitatu, mnene, anakimbia, anang'ata wenziwe. Na kadiri anavyonenepa ndivyo wafuasi wanavyonyamaza. Nikiweka sweta, laiki hamsini. Nikimweka yeye na mashavu yake mtu anaandika "kumbe kashakuwa mkubwa" halafu anaondoka simwoni tena. Wanaonunua kweli ni wale wale, mwalimu mmoja wa Kidugala anayewaambia wazazi wenzake, na akina mama ninaokutana nao kliniki, wanashika sweta iliyo mwilini kwa mtoto na kuuliza hii umeitoa wapi.

Mwezi wa nne nilipeleka mzigo wa mfano kwa Mzee Abdulsalam, ana duka la nguo za watoto Makambako karibu na stendi. Sweta alizipenda, akazivuta mikono, akazigeuza ndani nje. Halafu akaomba kuona ukurasa. Akausogeza kwa kidole muda mrefu, akasema, "Mama, namba nimeiona, lakini watu wako wamelala. Waamshe. Wakiamka, baridi ya mwezi wa sita ikishika nachukua mzigo wako wote naupandisha Mbeya mpaka Tunduma, na kila kifurushi nitaandika jina la ukurasa wako."

Nilirudi nikamweleza Asteria. Akaniambia, "Wifi, usikasirike. Hawa watu hawakufuata sweta, walifuata mgonjwa. Mgonjwa kapona, wakae wanafanya nini?"

"Kwa hiyo nimuuguze?"

"Nani kasema umuuguze? Picha si yake? Mpira puani si alikuwa nao kweli? Weka tu, andika tuombeeni. Kuombewa nako kuna ubaya?"

Idda alikuwa amekaa miguuni petu anakula kiazi cha moto. Akajisogeza aone simu, akauliza, "Shangazi, katoto haka kanaumwa?" Asteria akacheka. Mimi nilicheka pia dada, sitakuficha. Tukaiweka. Tuliandika: Tumerudi tena wodini. Tuombeeni.

Chai haijachemka komenti zilishapita mia mbili. Siku tatu, wafuasi wapya zaidi ya elfu mbili, oda nyingi kuliko za miezi mitatu. Mzee Abdulsalam akapiga mwenyewe, "Sasa ndio naona biashara, poleni lakini na mtoto." Anold naye alipiga.

"Mama Idda, Idda anaumwa nini?"

"Haumwi."

"Haumwi? Sasa mbona mimi nina kiroba cha machungwa hapa? Wenzangu wamechangishana, wananipa pole, Polikarpo ananishika bega kama nimefiwa."

Nikamweleza. Halafu akasema, "Umeweka mwenyewe, utatoa mwenyewe." Mpaka leo hajasema neno lingine juu ya jambo hilo. Machungwa aliyaleta, yako pale, hakuna aliyemenya.

Siku ya nne ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu kutoka kwa mtu nisiyemjua. "Mama Kilo na Robo, asalaam alaikum, mimi naitwa Mwanaheri, nipo Makambako, mimi ni Mama Kilo na Nusu. Tumeruhusiwa wiki mbili zilizopita na mwanangu Msafiri. Tangu jana anapumua mbio mbio, akishika ziwa anaachia. Idda ilimwanzaje dada? Mlisubiri au mlikimbia hospitali?"

Dada Feliciana, nilikuwa nanyonyesha, watu zaidi ya thelathini walikuwa wanasubiri niwajibu, na wote nilikuwa nawajibu kwa kuchanganya changanya ili hadithi ishikane. Nikabonyeza nikamwambia, "Pole mwenzangu, ilianza hivyo hivyo, tukamfunika vizuri siku mbili, siku ya tatu tulipoona haipungui ndio tukaenda." Sijui siku mbili nilizitoa wapi. Nilitaka tu ionekane kweli.

Alisubiri siku mbili.

Siku ya tatu alinitumia sauti kutoka hospitalini, nyuma yake nasikia ile mashine ninayoijua. Msafiri yuko kwenye oksijeni, nimonia, alifika amepoa mwili na midomo imebadilika rangi. Akasema, "Daktari ananigombeza, ananiuliza ulikuwa unasubiri nini, nikamwambia kuna mama mwenzangu aliyenitangulia nilifuata ya kwake. Sikulaumu dada yangu, hata wewe ulikuwa hujui. Mimi kila nikimaliza swala ya alfajiri namtaja Idda kwanza ndio namtaja wangu, maana Idda ni mkubwa, akipona yeye nitajua na wangu atapona."

Nimeisikiliza sauti hiyo sijui mara ngapi. Leo ni siku ya sita tangu Msafiri alazwe. Kila asubuhi ananiuliza, "Idda ameamkaje?" na mimi namjibu, "Afadhali kidogo, wa kwako?" Na Idda yuko uani anamkimbiza kuku.

Asteria anasema nisihangaike, tuandike tu kwamba Idda amepona, tunashukuru kwa maombi, watu watafurahi, Mwanaheri atapata nguvu, ukurasa utapanda tena, hakuna atakayeumia. Na mimi kuna saa naona anasema kweli. Nikisema ukweli sasa hivi si nitamvunja mwenzangu wakati mtoto yuko kwenye mashine? Na wale wafuasi wataondoka wote na kunitukana, na Mzee Abdulsalam atakata, na msimu wa baridi ndio huu unaingia, nina watoto wawili na mume ambaye mbao zikisimama na yeye anasimama. Lakini nikinyamaza nashindwa hata kumtazama Idda, nikimvalisha sweta nageuza uso.

Niandike amepona? Ningoje Msafiri atoke kwenye oksijeni ndio nimwambie mama yake? Au nifunge ukurasa nikae kimya watu wanisahau? Nisaidie dada, na usitaje jina langu.

Mimi Mama Idda, Njombe.

Jibu la Dada Feliciana

Mama Idda,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, nikarudia. Pole kwa uchovu, na hilo nalisema kwa moyo, mimi pia nimelea. Lakini uchovu haukumwambia Mwanaheri asubiri siku mbili. Uliyemwambia ni wewe, na ulimwambia kwa lile jina mlilopeana wodini, jina ambalo mama yeyote aliyewahi kulala amekaa na mtoto kifuani analiamini kuliko karatasi ya hospitali. Ndiyo maana nianze na jambo lililo zito, hayo ya wafuasi yatakuja baadaye.

Usiandike amepona. Wifi yako anadhani uongo wa kwanza utafutwa na wa pili ulio mtamu. Mwanaheri amefunga matumaini ya mtoto wake kwenye afya ya wako. Kesho ukisema Idda amepona, na Msafiri asipone, utakuwa umemwambia mama yule kwamba kuna kitu wewe ulifanya na yeye hakufanya. Atajilaumu maisha yake yote kwa kosa lako. Unaweza kuishi na hilo? Mimi nasema huwezi, na nafurahi kwamba huwezi, maana mama anayegeuza uso akimvalisha mwanawe ni mtu ambaye bado ana dhamiri.

Usingoje pia mtoto atoke kwenye oksijeni. Akitoka salama utasema, si kapona, ya nini kumchafulia furaha. Asipotoka utasema, amefiwa, nitamwambiaje. Hakuna siku itakayokuja kukuambia leo ndiyo yenyewe. Na hivi sasa Mwanaheri anabeba lawama mbele ya madaktari kwa kumtetea mtu aliyemdanganya, na kila alfajiri anamwombea mtoto anayemkimbiza kuku. Mwondolee mzigo huo angali anahitaji nguvu zake zote.

Unasema utamvunja. Inawezekana ataumia sana, na atakuchukia. Hilo la kuchukiwa ndilo unaloliogopa zaidi, umelifunga tu kwenye kitambaa cha huruma. Samahani kwa ukali, lakini ulikuja kwangu kutafuta mtu wa kukuambia.

Kabla hata hujamaliza kusoma, chukua simu uingie kwenye zile jumbe, upitie wote uliowajibu tangu uiweke picha ile. Umeniambia ulikuwa unachanganya changanya. Mama yeyote mwenye kichanga uliyempa ushauri wowote, uwe wa kufunika, wa kusubiri au wa dawa, mpigie leo hii, umwambie niliyokuambia si kweli, mtoto akipumua mbio, akiacha kunyonya, akipoa mwili au akibadilika rangi midomo, asisubiri hata saa moja, aende hospitali. Huenda hayupo mwingine. Huenda yupo. Hilo haliwezi kulala mpaka kesho.

Ukurasa nao. Ile picha iondoe, na mahali pale pale uandike kwa mkono wako, Asteria asikuandikie: Idda haumwi, hakuwahi kurudi wodini, nilisema uongo ili mninunulie, nawaomba radhi. Usieleze shida zako. Usiseme ulishauriwa. Usiweke picha ya kulia. Waliotuma oda kwa huruma waandikie mmoja mmoja, anayetaka kujitoa ajitoe. Na machungwa yale, mume wako awaambie wenzake ukweli mwenyewe, watamcheka mwezi mzima, atapona. Nenosiri la ukurasa libadilishe. Wifi yako mpende, mpikie, mlee, lakini asishike tena sura ya mwanao. Miaka michache ijayo Idda ataanza darasa la kwanza, atajua kusoma, na siku moja atasoma mlichoandika juu yake siku aliyouliza kama katoto hako kanaumwa.

Utawapoteza wafuasi wengi, sikudanganyi. Lakini tuulizane kama wanawake wa biashara, ni wafuasi wa nini? Mtu wa Oman kunakochoma jua atanunua sweta ya sufu ya mtoto? Anayekuja kumlilia mgonjwa akishalia anakwenda kulia kwingine, hakuja na mtoto anayesikia baridi. Umeniandikia mwenyewe wanunuzi wako ni akina nani, ukapita haraka kama si kitu: mwalimu wa Kidugala na mama anayeshika sweta kliniki. Hao ndio soko lako. Mwalimu mmoja anayewaambia wenzake bila wewe kumwomba ana thamani kuliko elfu arobaini waliobonyeza moyo na kuendelea na safari. Uache ukurasa ubaki mdogo, uwe na watu wa Makete, Mafinga na Njombe yenyewe, watu wanaoamka na umande mlangoni. Onyesha unavyofumua na unavyofuma, onyesha sweta iliyofuliwa mara ishirini bado iko sawa. Itakwenda polepole, na msimu huu utabana. Utabana kweli, sikupunguzii.

Mzee Abdulsalam mpigie wewe kabla hajasoma kwa watu. Mwambie, niliwaamsha kwa uongo, sweta zangu ni zile zile ulizozigeuza ndani nje, ukitaka kuziuza kwa ubora wake nipo. Akikataa, ana haki. Mfanyabiashara anayesikia mabaya yako kutoka kwako anaweza kurudi siku moja, anayeyasikia kwa jirani harudi.

Sasa Makambako. Hili halifanyiki kwa simu, wala kwa sauti iliyorekodiwa. Mwache Idda nyumbani, usimpeleke mtoto mzima mbele ya kitanda cha mwenye oksijeni. Yule mdogo anayenyonya mbebe. Usichukue sweta, usichukue zawadi yoyote, ukibeba kitu itaonekana umekuja kununua msamaha. Ukifika, muulize nesi kwanza kama mama amekula na kama kuna ndugu yake karibu, maana habari kama hii haipokelewi na mtu mwenye njaa aliye peke yake. Mtoke nje ya wodi, mkae chini. Umwambie jina lako halisi. Umwambie: Idda haumwi, siku mbili nilizitunga, kosa la kusubiri ni langu si lako, na daktari nitamwambia mimi. Halafu ukamwambie daktari kweli, ukiwa umesimama mbele yake, ili mama yule asigombezwe tena.

Usiombe akusamehe siku hiyo. Kuomba msamaha ni haki yako, kudai jibu si haki yako. Akinyamaza, nyamaza. Akipiga kelele, sikiliza. Akikufukuza, toka, lakini usipande gari la kurudi Njombe. Kaa kwenye benchi la nje mpaka jioni, na utakapoona ndugu zake wameondoka, muulize nesi kama chupa yake ya chai iko tupu, ijaze maji ya moto, mpe nesi ampelekee, usiseme imetoka kwa nani. Na kesho yake urudi tena.